Kamba ya Oxberg

Mama aliyeivuta kamba alikuwa rika la mama yangu mzazi. Alivaa kizibao cha rangi kali juu ya koti nene, na nilipomwona nilikuwa bado mita mia moja hivi kumfikia. Mwenzake alisimama upande wa pili wa njia. Waliinyoosha kamba kati yao bila haraka, kama watu wanaoanua nguo, na mimi nikaendelea kusukuma fimbo kana kwamba sijaona kitu. Nikafika. Nikasimama. Kamba ilikuwa usawa wa kiuno changu.

Hapo ni Oxberg, Sweden, kituo cha tano cha Vasaloppet, kilomita ya 62. Ni mashindano ya skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye viatu ili mtu ateleze juu ya theluji. Zilikuwa zimebaki 28 kufika Mora. Kituo kina saa yake ya kufungwa, na anayefika baada ya hapo hukatwa, haendelei tena. Nilichelewa kwa dakika sita.

Kila mshiriki hufungwa kifaa kidogo cha kuhesabu muda kwenye kifundo cha mguu, na anayekatwa hukirudisha palepale. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikahangaika na ule ufungo nisiuweze. Yule mama akapiga magoti kwenye theluji, akanishika mguu, akaufungua mwenyewe. Nilitaka kumwinua. Kwetu mimi ndiye ningeinama mbele yake, tena ningeanza kwa shikamoo. Nilichoweza ni kumwambia asante kwa Kiswidi, nikairudia mara tatu, na sauti haikutoka vizuri hata mara moja.

Tangu nirudi Dar nimeulizwa sana: sasa ulienda kufanya nini kule? Wengi huuliza kwa mapenzi tu. Nawaandikia wao, na yeyote wa huku kwetu anayefikiria kujaribu mchezo huu.

Mimi ni mtu wa Sinza, nina duka dogo la spea za baiskeli Kariakoo. Jumamosi alfajiri natoka na wenzangu wa joging kama maelfu ya watu wa mji huu, na Kilimanjaro Marathon pale Moshi nimeikimbia mara tatu. Kwa hiyo pumzi ninayo, miguu ninayo. Binamu yangu ameolewa Sweden, mkoa wa Dalarna, na huko Dalarna Vasaloppet inazungumzwa mwaka mzima kama sisi tunavyozungumza Simba na Yanga. Alipokuja likizo alinikuta natoka kukimbia, akanitazama, akasema, "Wewe ungeiweza ile." Neno hilo moja lilinikaa.

Vasaloppet ni kilomita 90, kutoka kijiji cha Berga huko Sälen hadi mjini Mora, Jumapili ya kwanza ya mwezi Machi. Ilianza mwaka 1922 ikiwa na washiriki 119, na leo wanaoanza asubuhi ile ni zaidi ya elfu kumi. Asili yake ni safari ya Gustav Vasa, karne ya 16, alipokuwa akikimbilia Norwei baada ya watu wa Mora kukataa kuasi pamoja naye dhidi ya mfalme wa Denmark. Baadaye wakabadili mawazo, wakatuma wanaume wawili wenye skii wakamrudishe. Mwaka 1523 akawa mfalme wa Sweden. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mabingwa wa dunia wa mbio ndefu na muuza spea wa Kariakoo wanaanza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Wao wanasimama mbele kabisa. Asiye na rekodi ya mbio nyingine anapangwa kundi la mwisho, na hilo ndilo lilikuwa langu.

Nilipoanza kutafuta habari nilikutana tena na jina nililolisikia utotoni: Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa Kenya, akapelekwa Finland kujifunza skii, na mwaka 1998 akashindana kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alikuwa bado yupo pale mwisho wa njia, akimsubiri kumkumbatia. Boit alirudi Olimpiki mara mbili baada ya hapo, na mtoto wake akampa jina la Dæhlie. Nilipoisoma habari hiyo dukani nilifunga mapema, nikaenda nyumbani.

Mazoezi yangu ya mwaka mzima niliyafanya hapa hapa Dar, kwa skii za magurudumu alizoniletea binamu. Ni fremu ndefu ya aluminiamu, gurudumu moja mbele na moja nyuma, na kiatu kinashikizwa kwa ncha tu ili kisigino kiinuke. Breki hakuna. Nilikuwa nakwenda Mlimani, barabara za Chuo Kikuu, kwa sababu zina vilima na saa kumi na moja alfajiri magari ni machache. Mchanga wa Dar ndio uliokuwa adui wa kwanza. Unaingia kwenye beringi, na baada ya wiki mbili gurudumu linalia kama toroli la mzigo. Nashukuru kazi yangu ilinisaidia: niliosha beringi kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi upya, nikabadilisha zilizokufa. Lami nayo ni ngumu kwa ncha ya fimbo, mshtuko wote unaishia kwenye kiwiko. Nikakata tyubu za baiskeli vipande virefu, nikavifunga kwenye nondo za dirisha, na kila usiku nikawa navivuta chini kwa mikono miwili, mara mia, pumzika, mara mia. Katika skii hizi mikono na mgongo vinafanya kazi ambayo mkimbiaji hajawahi kuvidai.

Pale getini kulikuwa na mlinzi, mzee wa makamo. Siku ya kwanza alidhani nimevunjika mguu, ndiyo maana natembea na fimbo mbili. Baadaye ikawa ndiyo salamu yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana umeanguka mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kuteleza si kuanguka, kijana. Lakini wewe unaanguka kweli."

Hilo neno kuteleza nataka nikae nalo kidogo, maana nadhani ndilo lililonikata pale Oxberg. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji, wapangaji sita, bomba moja. Mama akifua, maji ya sabuni yanatapakaa ua mzima, na ukipita na ndoo sauti yake inakufuata: "Angalia usiteleze!" Masika ndiyo usiseme. Na ukikua unalisikia neno lile lile kwa mambo mengine: kijana wa fulani ameteleza, yaani ameharibu, ameingia matatizoni. Mwili wangu ulijua tangu utotoni kwamba mguu ukianza kwenda wenyewe, kaza, shika, zuia.

Katika skii, mguu ukianza kwenda wenyewe ndipo umefika mahali pake. Skii ya mtindo wa kale imepinda juu kidogo katikati kama upinde, na sehemu ile ya katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta inayong'ang'ania theluji. Ukitupa uzito wote kwenye mguu mmoja upinde unalala, nta inagusa chini, unapata pa kujisukumia. Ukigawa uzito miguu yote miwili upinde unainuka, nta inaachana na theluji, unateleza. Kushika na kuachia, kushika na kuachia. Kwenye kuachia ndiko mtu anapumzika, na aliyebobea anapumzika mara elfu kadhaa ndani ya kilomita 90. Mkimbiaji hana mapumziko ya namna hiyo: akiacha kusukuma, amesimama. Skii za magurudumu hazikunifundisha hili, kwa sababu gurudumu lake moja lina kizuizi lisirudi nyuma. Kila hatua inashika tu, hata ukikanyaga vibaya. Mwaka mzima nilidhani nimejua.

Nilifika Dalarna mwanzoni mwa Desemba, viza ya siku tisini. Jua linazama saa tisa alasiri. Watu wanafanya mazoezi jioni kwenye njia za msituni zenye taa, ambako mashine imeshachora mifereji miwili myembamba kwenye theluji, kama reli iliyogeuzwa, na skii zako zinakaa humo. Wiki ya kwanza watoto wa shule ya msingi walinipita huku wakipiga stori. Shemeji yangu alikuwa akinifuata nyuma na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Acha! Acha! Ngoja iende!" Mimi nilisikia, lakini goti lilikuwa halisikii.

Baridi ilinitesa chini ya nilivyotegemea, ila jasho lilinitesa zaidi. Huku kwetu jasho ni rafiki, likitoka unajua mashine imepata moto. Kule nilivaa nguo nne, nikalowa ndani ya dakika ishirini, na niliposimama kunywa maji ile shati iliyolowa ikawa barafu mgongoni. Nikajifunza kuanza mazoezi nikiwa nasikia baridi kidogo. Kiu nayo inakudanganya. Dar kiu inakushika koo; kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri huisikii kabisa, kumbe mwili umekauka. Nikawa nakunywa kwa saa, nitake nisitake.

Usiku mwingi tuliumaliza gereji. Kuna nta ya kuteleza, hiyo unaiyeyusha kwa pasi, pasi kabisa kama ya nguo, unaipitisha kuanzia ncha hadi ncha, ikipoa unakwangua, unasugua kwa brashi mpaka chini ya skii pang'ae. Halafu kuna nta ya kushika, ya vipande vya rangi: buluu ya baridi, nyekundu ya karibu na sifuri. Theluji ikiwa imeyeyuka ikaganda tena, wanapaka kitu cha maji mazito kinachonata ajabu. Nilipokigusa nilikumbuka ulimbo tuliokuwa tukitegea ndege. Kadiri nta inavyokuwa laini ndivyo inavyoshika zaidi, na ndivyo inavyoweza kukusaliti. Theluji mpya ya baridi ikikutana na nta laini, chembe zake zinachoma ndani na kuganda humo. Shemeji alinieleza hili zaidi ya mara moja. Washindi wa miaka ya karibuni wengi hawapaki nta ya kushika kabisa, wanasukuma kwa mikono tu kilomita zote 90. Sisi wengine tunaihitaji.

Usiku wa kuamkia mashindano alinipakia buluu, tabaka tano nyembamba. "Hii inatosha," alisema.

Alfajiri, pale Berga, nilisimama gizani kati ya watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja nje ya uwanja wa mpira. Nilikuwa nimesikia habari za kile kilima. Baada ya uwanda wa kuanzia njia inapanda kilomita karibu tatu, watu wote wanabanana hapo, na skii ikirudi nyuma unamwangukia aliye nyuma yako, fimbo zinavunjika. Nikaiona sauti ya mama yangu, maana siwezi kusema niliisikia. Mfukoni nilikuwa na kipande cha nta nyekundu. Nikageuza skii zangu, nikapaka juu ya buluu ya shemeji. Sikumwambia.

Saa mbili kamili tukaanza, yaani mbele wakaanza. Sisi wa kundi la mwisho tulisogea kama foleni ya Ubungo jioni. Kwenye kilima watu wa pande zote walikuwa wakiteleza kurudi nyuma, wakitanua miguu, wakiomba radhi. Mimi nilipanda kama mbuzi. Kila hatua ilishika. Nilifika juu nimejawa furaha, nikasema moyoni, kumbe naweza.

Juu ni tambarare, njia inapita kwenye mabwawa yaliyoganda. Hapo ndipo watu wanaanza kuteleza. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kuanguka, na baridi ilikuwa bado kali. Nilisukuma fimbo, skii ikaenda hatua moja, ikasimama. Nikasukuma tena. Nilipoinua mguu niliona theluji imeganda chini unene wa vidole viwili, kama ugali ulioshika mwiko. Nikakwangua kwa plastiki niliyokuwa nayo, nikaenda mita mia mbili, ikarudi. Nikakwangua tena. Hatimaye nikafanya kilichokuwa kwenye damu: nikakimbia. Nilikimbia juu ya skii, kilomita kumi na zaidi, huku watu wa kundi langu wakinipita wamesimama wima, wametulia, wanateleza.

Nilipofika Mangsbodarna, au kwa maandishi yao Mångsbodarna, kilomita ya 24, mabingwa walikuwa wanamalizia Mora. Sauti ya mtangazaji ilikuwa inatoka kwenye spika, sikuelewa maneno ila nilielewa kelele. Mshindi wa wanaume huvishwa shada na binti aliyechaguliwa mwaka huo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya mafundi wa nta. Kijana mmoja alipindua skii yangu, akatazama ile nyekundu, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Akaikwangua yote, akapaka upya kitu kimoja chembamba, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kutoka pale hadi Evertsberg ni saa ninazozikumbuka hata nikiwa nahesabu chenji dukani. Skii zilikwenda. Sijui ni uchovu uliolegeza yale magoti, au ni kwa kuwa nilikuwa nimeshapoteza nilichoogopa kupoteza, lakini nilisukuma na kuachia, na katika kuachia nilisikia mapigo ya moyo yakishuka, kweli yakishuka, huku miti ikiendelea kupita. Nilisikia mlio wa skii kwenye mfereji, mwembamba, kama kitambaa kinachochanwa mbali. Vituoni wanatoa supu ya moto ya beri za msituni. Ina rangi ya zambarau zetu zile za Desemba, nzito kama uji mwepesi, tamu, na inaacha ulimi na midomo vimepakwa rangi. Nilikunywa vikombe vitatu Risberg. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinitolea ulimi kunionyesha wake, na mimi nikamtolea wangu.

Baada ya Evertsberg, kilomita ya 47, kuna mteremko mrefu. Mwezi mmoja nyuma ningeushuka nimekaa kitako. Niliinama, nikaweka fimbo kwapani, nikaiacha iende. Machozi yalitoka kwa upepo. Sikuanguka.

Lakini saa zilikuwa zimekwisha, na zile za tambarare ya mwanzo hazirudi. Nilijua tangu Evertsberg kwamba Oxberg itakuwa ya kubahatisha, nikapiga fimbo mpaka mikono ikagoma kufunga ngumi. Mengine nimeshaeleza.

Ndani ya basi la kutupeleka Mora tulikuwa kama arobaini, madirisha yamejaa ukungu, hakuna aliyeongea. Nilimfikiria John Stephen Akhwari. Hakuna mkimbiaji wa nchi hii asiyemfikiria siku kama ile. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na anapoulizwa kwa nini hakuacha anasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika ukutani nyuma ya kaunta ya duka. Nilikaa nikiona kwamba nimeyasaliti. Kisha nikakumbuka mimi sikuacha. Mikono yangu ilikuwa bado inafanya ule mwendo wa kusukuma, kwenye siti, bila kuambiwa. Sikuweza kupatanisha mambo hayo mawili, na mpaka leo sijaweza vizuri. Maneno bado yako ukutani.

Shemeji alinipokea Mora chini ya lango lenyewe, lile lenye maandishi ya kuhusu nyayo za mababu, upande wa watazamaji. Nilimwambia habari ya nta nyekundu kabla hajaniuliza chochote. Alikaa kimya, halafu akasema kwa Kiswahili, "Uliogopa kilima." Nikasema ndiyo.

Nilirudi Dar siku nne baadaye. Joto la uwanja wa ndege lilinipokea kama taulo la moto. Wiki iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa Mlimani na skii zangu za magurudumu begani. Yule mlinzi alikuwepo, ameshika kikombe cha chai ya rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Umerudi. Ulimaliza?"

"Sikumaliza, mzee. Walinikata kilomita ya 62."

"Sitini na mbili ni kama kutoka hapa kwenda wapi?"

"Bagamoyo, karibu na hapo."

"Kwa fimbo hizo hizo?"

"Kwa fimbo."

Akanywa chai. "Ulianguka mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na ulichelewa kiasi gani mpaka wakukate?"

"Dakika sita."

Alirudia, dakika sita, akageuza mkono akatazama saa yake kwa muda mrefu. Kisha akaweka kikombe chini, akanyanyua kizuizi cha geti ingawa ningeweza kupita pembeni.

"Haya, panda," alisema. "Nakuhesabia."